Mlango Ndani ya Mlango

Jioni ile mwandishi wa programu alifungua mlango wa nyumbani, akakuta mlango wa nyumbani. Ulikuwa uleule: rangi ya kijani iliyobanduka chini, kitasa kinacholegea. Akaufungua nao, akaingia.

"Kuna mlango umeongezeka," alimwambia bibi yake mzaa mama.

"Nimeuona. Muuza maziwa ameusukuma kwa bega. Njoo ule."

Hakula sana. Asubuhi mashine ya ofisini ilikuwa imezimika. Katika lugha ya kompyuta iitwayo C kila programu huanzia main, ndiyo mlango wake mkuu. Yeye, kwa haraka ya kuondoka mapema, aliandika ndani ya main mstari wa kuiita main yenyewe, akasahau kuweka sharti la kusimama. Main ikaita main, nayo ikaita main, kila moja ikingoja ya ndani yake irudi, mpaka kumbukumbu ya mashine ikajaa pomoni. Aliyebonyeza kitufe cha kuiwasha ni mwenzake wa meza ya jirani, waliyemwita Mpole. Meneja alipouliza kosa ni la nani, mwandishi aliinama kufunga kamba za viatu visivyo na kamba. Mpole akafukuzwa kabla ya chai.

Kesho yake alinyamaza tena, na jioni mlango ukaongezeka. Ikawa ndiyo desturi. Bibi alihamishia kigoda chake katikati ya milango, palipo na upepo.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nimefika kwangu, na bado nakwenda kwangu."

Alilijua jibu, nyumba yao hii, na alijua kosa lililojificha nyuma yake. "Nimeshindwa."

"Wewe, na shule yote hiyo? Haya, nipe mji."

Akampa mji. Bibi akaupokea, lakini jibu hakulitoa.

Bawaba zilipoanza kulia, bibi aliita fundi. Akaja Mpole na kopo la mafuta. Ndiyo kazi aliyoipata. Akapaka mlango hadi mlango, bila kulalamika.

"Dada," alimwuliza mwandishi, "hivi siku ile nilikosea wapi? Mimi nilibonyeza tu."

Mwandishi alimshikia kopo.

"Mashine hizi," alisema, "hazieleweki."

"Kweli." Mpole alifuta mikono. "Lakini Mungu hamtupi mja wake. Nyumba kama hii kazi haiishi. Nakushukuru sana, dada."

Mwandishi akamsindikiza, mlango baada ya mlango, hadi nje. Kabla hajaufunga wa mwisho, alimsikia bibi akiita kutoka ndani, taratibu:

"Mwambie fundi asiende mbali. Umeongezeka mwingine."