Hodi Kwenye Mtambo wa Maji

Kimya kingi kina mshindo mkuu, husema watu. Labda kwao. Kwenye mtambo wa maji kimya kingi kina bomba lililopasuka, na wanaume wazima wanne wenye kofia ngumu wanaoulizana nani aligusa nini.

Ndiyo maana mimi, fundi wa pampu, sikukaa kimya. Kompyuta inayoendesha pampu zetu ina kumbukumbu za mfumo, daftari la ndani ambamo hujiandikia kila kinachotokea, pamoja na tarehe na saa. Wengi hawajui kwamba binadamu naye anaweza kuandika humo. Amri yake ni fupi, logger: unaichapa kwenye kile kidirisha cheusi, unafuatisha maneno yako, unabonyeza, yameingia. Kila nilipotaka kugusa kitu niliandika kwanza, na kila ujumbe niliutia alama ya "hodi", kwa sababu nimelelewa, siingii mahali bila kubisha.

"Hodi. Naizima pampu ya pili nisafishe chujio. Dakika ishirini." Baadaye: "Chujio lilikuwa na tope la kutosha kufinyanga vyungu. Sasa limetakata. Pampu inanguruma kama mtu aliyeshiba."

Siku moja Meneja aliyasoma, akaniita ofisini.

"Bibie, kumbukumbu za mfumo si ukuta wa choo cha stendi. Weka namba ya hitilafu, basi. Hitilafu kumi na nne, imetatuliwa. Hizi ngano zako mashine haizielewi. Mashine haijui Kiswahili."

"Mashine haisomi, Meneja. Anayesoma ni mtu."

"Una stashahada moja na mdomo wa watu sita."

Akanisimamisha kazi. Barua ilikuwa na sharti moja: niombe radhi kwa maandishi kwa "kuchafua kumbukumbu za mtambo". Siku saba zikipita bila radhi, nafasi yangu anapewa mwingine. Na kazi ile niliipenda, nisiseme uongo. Siku ya sita nilikuwa nimeketi mezani kwa shangazi, ninakoishi, karatasi mbele yangu nyeupe pe. Nilikuwa nimeandika tarehe tu.

"Andika yaishe, mwanangu," shangazi alisema kutoka jikoni. "Radhi haimtoi mtu damu." Akafungua bomba aoshe vyombo. Bomba likakohoa mara mbili, likanyamaza. "Hee! Na maji nayo yamesimamishwa kazi?"

Simu yangu ikaita. Alikuwa Spana, fundi wa zamu, mtu mzima aliyeanza kufungua valvu kabla sijazaliwa, ila kwenye kompyuta hugusa vitufe kama anayechagua mayai sokoni.

"Binti, pampu ya pili imegoma. Ya kwanza tumeifungua tangu jana, iko chini vipande vipande. Mitaani tumefunga; tangi la juu limebakiza maji ya saa moja, na hospitali inategemea hilo hilo."

"Kumbukumbu zinasemaje?"

"Meneja kazifungua. Hitilafu kumi na nne, imetatuliwa. Mistari arobaini waliyoandika wenzako! Imetatuliwa, imetatuliwa, imetatuliwa. Hakuna hata mmoja unaosema ilitatuliwa vipi."

Nikasikia sauti ya Meneja kwa mbali: "Unaongea na nani?"

"Na shemeji!" Spana akajibu, kisha akanong'ona, "Sema upesi."

"Mzee wangu, keti kwenye kibodi." Nikamtajia amri ya kusomea, journalctl, herufi moja baada ya nyingine. "Acha nafasi. Kistari, herufi t. Nafasi tena. Sasa andika hodi."

"Hodi hii hii ya mlangoni?"

"Hiyo hiyo."

Nilihesabu pumzi zake. Halafu akacheka. "Karibu! Zimejaa tele, binti."

"Tafuta inayotaja kisima."

Akaanza kusoma, kwanza kwa kusitasita, kisha kwa sauti ya mtu anayejua anachosoma: "'Hodi. Pampu ya pili imegoma kwa hitilafu kumi na nne, yaani inadhani kisima kimekauka. Hakijakauka. Kipimo cha kina cha maji kinadanganya, kwa kuwa unyevu umeingia kwenye kiungio cha waya wake. Nimekichomoa, nimekifuta kwa kitambaa kikavu, nimekirudisha. Wewe utakayekuja baada yangu: fungua kwanza valvu ya pembeni, ndipo uwashe. La sivyo maji yatakuja kwa hasira na bomba litapasuka.'"

"Umesikia?" nikamuuliza.

"Nimesikia. Ni kama uko hapa umenishika mkono."

"Usiguse!" Meneja alifoka. "Mtaalamu wa waliotuuzia mtambo yuko njiani."

"Aje salama," alisema Spana. "Mimi kitambaa ninacho."

Akaiacha simu mezani. Nikasikia viatu vikienda, halafu chuma kikilia. Shangazi alisimama mlangoni na sufuria isiyooshwa, akitega sikio. Kisha, kwa mbali, mngurumo ukaanza, ukapanda, ukatulia. Shibe.

Spana alirudi akihema. "Imewaka! Bomba zima! Sasa niambie, ile amri ya kuandikia ni ipi?"

Nikamtajia. Alichapa kwa kidole kimoja huku akisoma kila neno: "Hodi. Mimi Spana. Nimefuta kiungio cha kipimo kama binti alivyoandika. Maji yamekwenda mjini."

Hayakukawia. Bomba la jikoni lilitema hewa, likatema kutu, kisha likamwaga maji meupe ya nguvu. Shangazi akapiga kigelegele, na majirani wakampokea dirisha kwa dirisha hadi mwisho wa mtaa. Mimi nilikuwa nimesimama juu ya kiti, sijui nilipandaje.

Meneja akachukua simu kwa Spana.

"Bibie," alisema, sauti imepoa. "Kesho asubuhi uje kazini."

"Asante, Meneja. Nitakuja."

"Ila ile barua uje nayo. Mistari miwili tu, ya kuweka kwenye faili. Utaratibu, unajua tena."

"Kazi nitafanya. Hodi nitaandika, kwa Kiswahili, na wenzangu wote nitawafundisha. Radhi siombi."

"Hata mstari mmoja?"

"Hata neno moja, Meneja. Siombi."