Uwi ya Bi Zumari

Bi Zumari alifika ukumbini mapema, miguu ikimlalamikia ndani ya viatu vya kufunika, maana mjukuu wake wa kike alishikilia kwamba mbele ya kamati ya Bunge hapaendwi na ndara. Jina la Zumari alipewa enzi zile ana sauti ya kuliza mawe. Sauti imeondoka, imebaki ya chura mwenye mafua, ila jina limegoma kuhama.

Kilichomtoa nyumbani ni rasimu ya sheria. Siku zote redio ikipiga wimbo, anayelipwa ni mtunzi peke yake; mwimbaji huambulia kujisikia. Sheria mpya ingemwingiza naye. Bi Zumari alipiga vigelegele mpaka mjukuu alipomsomea kifungu cha tisa: atalipwa yule ambaye jina lake limo kwenye lebo ya santuri. Na lebo ya wimbo wake, unaopigwa kila asubuhi kwa miaka hamsini, ina jina la kiongozi wa bendi, kisha "na wenzake".

"Wenzake ndio mimi," alisema. "Nilizaliwa mmoja, nikasajiliwa wengi."

Basi alitaka jambo moja tu: kifungu kiongezwe maneno, asiyeandikwa kwenye lebo aruhusiwe kujithibitisha. Kila msemaji alipewa dakika tatu. Wakili wa wenye redio alianza zake saa tatu, akazimaliza saa nne na robo.

"Waheshimiwa, redio ndiyo inayowatangaza hawa," alisema. "Bila sisi nani angewajua?"

"Mmenitangaza miaka hamsini, baba," Bi Zumari akasema kutoka benchi la nyuma, "na hata muuza maji wa mtaani kwetu hanijui."

Watu wakacheka. Mwenyekiti akagonga meza, akamwita mbele.

"Mama, nani atathibitisha kuwa mwimbaji ni wewe?"

"Kiongozi wa bendi kafa. Mpiga gitaa kafa. Mpiga ngoma yupo, ila siku hizi hata yeye mwenyewe hajijui."

"Basi tuimbie kidogo."

Akaimba. Karani wa kamati, mama mmoja wa miwani, aliinamia daftari lake kama aliyefiwa. Wakili akatoa simu, akauweka ule wimbo wenyewe, na sauti ya msichana ikamiminika laini kama samli.

"Masikio mnayo, waheshimiwa."

"Usizime," alisema Bi Zumari. "Ngoja kiitikio."

Kabla tu ya kiitikio, msichana akaitoa ile "uwi" ambayo kila mtu anaijua. Watu huiitikia harusini; wengine wameifanya mlio wa simu.

"Kwenye maneno aliyosajili mtunzi, hiyo imo?" aliuliza Bi Zumari.

Karani akapekua karatasi. Haimo.

"Tulikuwa na maikrofoni moja, watu wanane tumeizunguka kama kuku na punje. Ukigeuza shingo, sauti inakimbia. Kwa hiyo kiongozi alinipa ishara kwa mguu: kiitikio kikifika, ananikanyaga taratibu. Siku hiyo kaja na buti jipya. Na tepu ilikuwa moja, hakuna kurudia."

Akavua kiatu, akaupandisha mguu kwenye meza ya waheshimiwa. Kidole gumba kimepinda kama mkia wa nge, na kucha haina hata dalili.

Mwenyekiti alikitazama kile kidole kwa adabu, kama mtu aliyeletewa shahidi mzima. Bi Zumari akahesabu kwamba maneno yake yameingia.

"Nimeridhika," alisema wakili, "mwimbaji ni huyu mama. Lakini kwa maelezo yake mwenyewe, hiyo uwi imetokana na mguu wa kiongozi. Aliyekanyaga ndiye aliyeitunga."

"Na mimi pale nilikuwa nani?"

"Ulikuwa chombo, mama."

Mwenyekiti akajikohoza. "Kifungu kinasema lebo, mama yangu. Kidole hatuna pa kukiweka. Na dakika tatu zimekwisha."

Bi Zumari aliinama kuvaa kiatu, akatumia nafasi hiyo kuchungulia daftari la karani. Shule yake haikuvuka darasa la nne, lakini mstari ule aliusoma bila kuyumba: *Maoni yalitolewa na wakili wa wenye redio na wenzake.*

Akajikongoja kuelekea mlangoni, na njia yake, kwa bahati, ikapita kwa wakili. Akautua mguu kwenye ncha ya kiatu chake kinachong'aa, akauongezea uzito wote wa miaka sabini na mbili.

"Uwi," alisema wakili, tena kwa sauti nzuri.

Benchi zima la nyuma likaitikia kiitikio.

"Mwanangu," Bi Zumari akamwambia karani, bado hajautoa mguu, "hiyo iandike. Aliyekanyaga ni mimi. Na jina langu uliweke lote."

Karani aliuma midomo asicheke. Akaishika kalamu, akamtazama mwenyekiti kwanza.