Mboga za Idi Pili

Siku ya Idi Pili, baada ya sala ya adhuhuri, Huwaida alijipaka mafuta mikononi ili utomvu usimgande, akaanza kumenya ndizi mbichi katika jiko la mama yake, Birkat al Mauz, Oman. Ndizi zilitoka shambani, ng'ambo ya falaji, mfereji wa maji ya mashamba. Mboga nyingine alizinunua kabla ya sikukuu kwa muuza mboga Mmalabari wa Firq: maganda mabichi ya mlonge, kiazi kikuu, boga jeupe, karoti na fungu la majani ya kari. Uani, nyama iliyofukiwa shimoni ilikuwa bado haijafukuliwa.

Thangam aliingia kwa mlango wa nyuma, akavua kandambili, akamnyang'anya kisu.

"Vipande vinene hivi unamkatia nani? Ng'ombe?"

"Shikamoo, Mama Thangam."

"Marahaba, mwanangu. Hebu nipishe."

Thangam alikufa miaka michache nyuma kwa maradhi ya figo, na maiti yake ilipakiwa ndege Maskati ikapelekwa kwao Kerala. Tangu hapo huja kila Idi Pili. Hufika mboga zinapoanza kukatwa, huondoka sufuria ikishaoshwa. Mara ya kwanza Mahfudha, mama yake Huwaida, alimuuliza kama safari ilikuwa nzuri, naye akajibu ilikuwa nzuri, ila joto.

Nyumba ile ilisema Kiswahili. Mahfudha alizaliwa Tabora, akaja Oman bado msichana, na watoto wake Kiarabu walikitumia shule na dukani. Thangam alipoajiriwa kuwa yaya, Huwaida alikuwa anatambaa, na wote wawili walijifunza kusema Kiswahili pamoja. Kila Idi Pili, watu wakishakinai nyama, marehemu baba aliomba kitu chenye ukali kidogo, na Thangam alipika mboga za kwao. Alizikata vijiti vyembamba, akasaga nazi na bizari nyembamba na pilipili mbichi, akatia mtindi uliochachuka. Mwisho kabisa alimwagia mafuta ya nazi yasiyopikwa na yale majani ya kari, akafunika.

Kwa Huwaida, mfuniko ule ulipofunuliwa ndipo Idi ilipoanza. Nguo mpya zilikuwa zimeshachafuka, binamu wamelala ovyo mikekani, na yeye alikuwa jikoni amekaa nyuma ya Thangam kwenye mbuzi ya nazi, shavu limeegemea mgongo wake, akiusikia mgongo ule ukienda na kurudi. Thangam alimdondoshea mchuzi kiganjani aonje chumvi. Hakuonjesha mtu mwingine.

Mwaka huu palikuwa na mgeni. Bindu, binti wa Thangam, alikuwa amepata kazi ya uuguzi Nizwa, na Huwaida alipopata habari alimpigia simu.

"Mama yako huja kwetu Idi Pili," alimwambia kwa Kiingereza. "Njoo."

Bindu aliuliza saa ngapi.

Alifika moja kwa moja kutoka kazini, na sare yake, amebeba boksi la halua. Mahfudha alimkaribisha ukumbini, akamtilia kahawa.

"Nyumbani hajafika hata mara moja," Bindu alisema. "Tunamwashia taa kila mwaka. Tulidhani amepotea njia."

"Yupo jikoni," alisema Mahfudha. "Hajambo."

Bindu alisimama mlangoni mwa jiko, akamtazama yule mwanamke aliyeinamia nazi. Akasema maneno mengi ya Kimalayalam, lugha ya kwao, kwa haraka, na katikati yake neno "Amma" lilirudi na kurudi. Thangam alifuta mikono kwa kanga, akatabasamu kama anavyotabasamia wageni wote.

"Karibu, bibi. Huwaida, mgeni wako anasemaje?"

Thangam alikuwa amebakiwa na Kiswahili tu. Ndiyo lugha aliyoisema miaka mingi zaidi, na pengine mtu akifa hawezi kubeba vyote. Basi Bindu akasema kwa Kiingereza, na Huwaida, amesimama baina yao na mwiko mkononi, akafasiri.

"Muulize kama ananikumbuka."

Thangam alimwangalia Bindu kwa adabu, usoni, kisha viatuni.

"Samahani, bibi, sikumbuki. Lakini mimi nami nina binti. Mdogo, hajaanza shule. Anaogopa kuku, masikini."

Huwaida akafasiri.

"Mwambie siku hizi kuku siwaogopi," alisema Bindu.

Thangam akacheka sana, maana alidhani mgeni anatania. Akarudi kukuna nazi.

"Nilikuwa niende kumwona mwaka huu," aliendelea, bila kuinua kichwa. "Tiketi imeshakatwa. Lakini Huwaida ana mitihani, kalia machozi, hali mpaka nimlishe mimi. Bibi mkubwa kaniomba ningoje. Nitakwenda mwakani, inshallah."

Huwaida aliyakumbuka machozi yale. Alikuwa hajui kuwa yalizuia safari ya mtu. Mahfudha, aliyekuwa amefuata na birika la kahawa, aligeuka akarudi ukumbini.

"Anasema nini?" Bindu aliuliza.

"Anasema alikuwa aje kukuona, ila kulikuwa na mitihani."

"Ya nani?"

"Yangu."

Bindu aliangalia mboga zikichemka.

"Ulifaulu?"

"Nilifaulu."

Chakula kilipakuliwa. Bindu alitaka kula jikoni, lakini Thangam alikataa katakata. Mgeni hali jikoni, alisema, watu watatucheka. Basi Bindu alikula mkekani pamoja na Mahfudha, kwa mkono, polepole. Mahfudha alimwongezea mara mbili, akamuuliza kama Nizwa amepata nyumba nzuri. Thangam alikula peke yake baada ya wote, amesimama, kama zamani, kisha akaosha sufuria akashika njia ya shambani, kandokando ya falaji.

Kwenye gari, Huwaida akimrudisha Nizwa, Bindu alimuuliza kama ana nafasi siku za mapumziko. Alitaka kufundishwa Kiswahili.

Alisoma kwa bidii. Ngeli zilimsumbua, na "ng'" aliiweza haraka kuliko Waarabu. Huwaida alimfundisha kwanza maneno ya jikoni, halafu ya maradhi, halafu yale ambayo mtu humwambia mamake akiwa hajamwona siku nyingi.

Idi Pili iliyofuata Bindu ndiye aliyekata mboga. Thangam aliingia, akavua kandambili, akatazama vipande, asione kosa.

"Shikamoo, mama," alisema Bindu. "Nimekungoja sana. Nimekukumbuka."

"Marahaba, bibi. Mashallah!" Thangam alipiga makofi. "Kiswahili kizuri hivi umejifunza kwa nani?"

Bindu alifuta kisu.

"Kwa binti yako," alisema.

Thangam alimgeukia Huwaida, uso umejaa fahari, na mboga zilipoiva akamdondoshea yeye mchuzi kiganjani.