Taya Langu Jikoni kwa Wifi

Asubuhi ile kikombe kilikuwa cha moto.

Siku zote kilikuwa vuguvugu tu. Nikiamka nilivua kishikizo changu cha meno, kile cha kuyazuia yasipinde usiku, nikakisugua kwa mswaki laini na tone la sabuni ya vyombo, kisha nikakilaza jikoni kwenye kikombe cha maji na siki nyeupe. Kikiwa kimelowa, mimi nilifagia ua na kuoga. Nikirudi nilikisuuza mpaka harufu ya siki iishe, nikakifungia kwenye kijaluba chake hadi saa ya kulala.

Siku ile nilirudi na taulo kichwani, nikagusa kikombe, nikarudisha vidole haraka. Mvuke ulikuwa unapanda. Ndani, ile plastiki nyembamba iliyofinyangwa kwa umbo la meno yangu ya juu ilikuwa imejikunja kama ganda la kitunguu.

Wifi alikuwa anamenya viazi, mgongo amenipa.

"Nimelisafisha taya lako," alisema. "Sasa limetakata."

Taya. Ndivyo alivyokiita tangu nilipohamia kwa kaka baada ya chuo, nikisubiri kazi. Kwamba meno yangu yalikuwa yamenyooshwa kwa waya, na kwamba bila kishikizo yangerudi yalikokuwa, hilo halikumhusu. Lililomhusu ni siki. Alidai chupa yake inashuka kama ina tundu, akachora mstari wa kalamu kwenye lebo, na kila nilipoimimina alikuja kuutazama mstari, hanitazami mimi. Nilinunua chupa yangu. Akaihamishia chini ya sinki, pamoja na dawa ya mende.

Wageni wakija aliwaambia wifi yake ana meno ya akiba, anayavua mlangoni kama viatu. Wageni walivunjika mbavu. Yeye naye alicheka, kiganja mdomoni, mabega yakitikisika. Nilikichukia kile kiganja. Nilikiona kama pazia analonisengenyea nyuma yake.

"Kinyaa tu," alizoea kusema akipita karibu na kikombe. "Kinanitia kinyaa."

Mimi ni mtu wa kumeza maneno. Niliyameza mengi katika nyumba ile.

Nilikitoa kishikizo kwa kijiko, nikajaribu kukivaa. Kiligoma. Nilisukuma mpaka ufizi ukauma. Mwalimu wa kliniki ya chuo aliyenitengenezea alinionya mara nyingi: siki sawa, sabuni sawa, maji yanayochemka kamwe. Naye alikuwa amestaafu, na chuo nilishakiaga. Hadi leo, nikipitisha ulimi, naligusa jino moja la pembeni ambalo limerudi kwao.

Kaka aliingia akifunga saa mkononi. Alichungulia kijiko, akamtazama mkewe.

"Leo mama watoto umechemsha," alisema, akaucheka utani wake mwenyewe.

Hatukucheka. Wifi alinung'unika kuhusu vijidudu. Kaka akaniambia nisimnunie dada wa watu kwa ajili ya kiplastiki, akachukua funguo, akatoka. Tulibaki na sauti ya maganda yakidondokea kwenye beseni.

Nilikwenda kumwaga kikombe. Hapo ndipo nilipokiona kioo changu cha mkononi, kimesimamishwa dirishani, kimeegemezwa kwenye chupa ya siki. Nilipokwenda kufagia kilikuwa chumbani kwangu, mezani. Kilikuwa na alama ya vidole vyenye maji, bado haijakauka yote.

Nilikiweka kikombe chini. Nilidhani nitalia, kumbe nilikuwa na hasira.

"Wifi," nilisema, "kama hunitaki hapa, niambie nihame. Usiingie chumbani kwangu. Usiniharibie vitu halafu uniambie umevisafisha."

Kisu kilisimama.

"Kioo changu kinafanya nini hapa?"

Hakugeuka. Nililikisia jibu lake kabla halijaja: kinyaa, taya, siki. Nilikuwa nimeshaamua kwamba safari hii nitamjibu, liwe liwalo, na jioni kaka atanikuta nimefunga begi.

Akaweka kisu chini. Akajifuta mikono kwa aproni, polepole, kidole kwa kidole, ndipo akanigeukia. Macho yalikuwa yale yale makali.

"Nililivaa," alisema.

Kiganja kilipanda kuelekea mdomoni, kama kawaida yake. Kikaishia kidevuni. Kikashuka. Na kwa mara ya kwanza niliyaona meno yake ya mbele, yamepandana, moja limemwegemea mwenzake kama mtu aliyechoka kusimama. Nikaikumbuka picha ya harusi yao sebuleni, kaka anacheka, yeye midomo imefungwa.

"Halikuingia," aliendelea. "Nikaona nimekuchafulia, nikalichemsha."

Alikitazama kioo pale dirishani.

"Sikuwa na kinyaa, wifi. Nilitaka nijione nikicheka."