Mashine ya Kuchomea Nyimbo Zake

...na huyu muuza duka naye, mdomo kama redio iliyoharibika kitufe cha kuzimia, "Bosi, hii ndogo ndiyo inayotoka sana, dakika tatu tu CD imeshachomwa," dakika tatu, nani kamuuliza dakika, mtu kasimama kaunta na mashine mbili mbele yake, ndogo nyeusi ya bei poa na hii nzito ya kijivu inayochoma taratibu, na anajua fika kwamba ndogo ni takataka, alikuwa na ya namna hiyohiyo, ilichoma mbio kama inafukuzwa na nyimbo zikarukaruka kwenye redio za watu, na ndiyo hasa anayoitaka leo, amchomee yule mwanamke nyimbo zake zirukeruke vizuri, si amezitaka mwenyewe, akamtuma kaka yake, shemeji mwenye shingo ya kiburi, akasimama mlangoni, hata kukaa hakukaa, "Dada anasema umpe nyimbo zake kwenye CD, watu wa redio wanazisubiri," nyimbo zake... zake tangu lini, nani aliyegeuza kabati la nguo kuwa chumba cha kuimbia, nani alitundika mablanketi mpaka jasho likamchuruzika, nani alizima friji kila waliporekodi ili lisingurume, na siku ile wakasahau kuliwasha, nyama ikaoza, wakacheka mpaka wakakaa chini... hapana, hataki kukumbuka kucheka, mke aliondoka na masanduku mawili na sufuria kubwa, sasa kairudia sauti, asante ya punda mateke, "Hiyo kubwa ni ya wazee, bosi, utazeeka unaisubiri," kelele wewe, niache nizeeke, ndogo, ndiyo, ndogo, mtangazaji aiweke CD, ubeti wa pili uanze kukwama, kwa-kwa-kwa, mama wa watu akose pa kuuweka uso... lakini mtangazaji hatauliza nani kaimba, atauliza fundi gani karekodi uchafu huu, na mwanamke atamtaja yeye bila kupepesa macho, anamjua, basi asipate hilo, ende nazo safi, safi kabisa, na kila kitu kiwemo, hata kile alichokuwa akikikata siku zote, maana kabla ya kila wimbo mke alikuwa akikohoa kidogo mle kabatini, kisha anauliza kwa sauti ya chini, "Tayari, mume wangu?", naye nje, vipokea sauti masikioni, anamjibu kwa kugonga mlango wa kabati mara mbili, ndipo anaanza, na jioni yeye anayakata maneno yale yote, wimbo ubaki peke yake, ila kwenye kompyuta yamo bado, hakuwahi kuyafuta, hata alipoapa kwamba atayafuta, haya, safari hii hakati kitu, yasikike yote, shemeji asikie, mtaa usikie, naye asikie alivyokuwa akiita, aone haya, aumie, anamchukia, anamchukia kweli, na mara ngapi wiki hii amefungua wimbo akasikiliza pale mwanzo tu, akazima kabla haujaanza... "Kwa hiyo unachukua ipi, bosi?" muuza duka anauliza, na yeye bado kasimama palepale, mashine mbili mbele yake, ila kidole chake kimeshaigonga ile nzito mara mbili.