Mia na Hamsini

Mafuriko ya bonde la Jangwani yalikuwa yameinywa barua yote. Wino wa Onesphory uligeuka wingu la buluu. Kilichosalia ni namba chini ya karatasi, kwa penseli: 150.

Severa aliichukua hadi dukani kwa jirani yake wa Mchafukoge, Mzee Mansukhlal, aliyewahi kuwa karani wa simu za maandishi. Ndiye aliyewafundisha, yeye na mumewe Onesphory, kabla mume huyo hajaenda vitani Kagera: A ni moja, Z ni ishirini na sita, jumlisha herufi zote, andika jumla chini. Jumla ikigoma, ujue mkono mwingine umeichezea barua.

"Shikamoo mzee. Nifumbulie fumbo hili."

"Marahaba. Si fumbo, binti. Fumbo lina njia ya kurudi. Sisi hii tuliiita chapa." Akaonyesha gunia la sembe. "Unga huo, nirudishie mahindi yake."

"Kwa wadudu walio humo, mzee, yatarudi yenyewe kwa miguu."

Mzee alicheka, kisha akaacha. "Chapa hulinganishwa tu. Lete maneno, itakubali au itakataa. Yenyewe haisemi."

Basi Severa akatafuta maneno. Mumewe aliandika daima sentensi moja fupi. Siku tatu, mvua ikipiga bati, alijumlisha kila alilolitamani. *Narudi kesho*: mia na ishirini na tano. Alhamisi Kuu akaandika *Nisubiri Pasaka*. Mia na hamsini kamili. Alilia, akajifuta, akaenda Kariakoo kununua ndizi na nyama za kupika machalari.

Aliporudi aliketi kupiga hesabu tena, kwa raha tu. Mkono ukamtangulia. Ukaandika kwa ile U ya Onesphory yenye mkia: *Usinisubiri*.

Akajumlisha. Akarudia kwa vidole, akarudia kwa punje za maharage.

Mia na hamsini.

Jumapili ya Pasaka alipakua sahani mbili, moja akaifunika kwa kawa. Adhuhuri viatu vizito vilipanda ngazi, polepole, vikasimama mlangoni. Hakuuliza ni nani.

"Taja namba," alisema, mkono kwenye komeo.

Mvua ilikuwa nyingi. Sauti ilikuja bila kumtambulisha mwenyewe, ingeweza kuwa ya mwanamume yeyote aliyetoka mbali.

"Mia na hamsini."

Namba ilikubali, kama ilivyoyakubali maneno yote mawili. Komeo lilikuwa baridi. Hakulivuta, hakuliachia.