Kiti cha Citoyen Kalaba

Hasira ya Kulthumu ilianzia kwenye ufagio wake mwenyewe, na ndiyo maana haikumtoka upesi.

Directeur Mwape, mtu wa abakosi, ile suti ya wakubwa isiyo na tai, na gari lenye dereva, alitaka kujenga nyumba yake juu kidogo ya mto Naviundu, ndani ya dambo. Dambo ni bonde la matete ambalo wakati wa kiangazi hata halikushtui, lakini mvua ikishika hunywa maji yote ya mlimani na kuyaachilia mtoni polepole, bila kumsumbua mtu. Ukilijaza mawe na kulizungushia ukuta, maji hayo yatatafuta pa kupita, na pa kupita palikuwa mahali pamoja tu: mlangoni kwa Kulthumu. Nyumba hiyo ya Kulthumu iliachwa na marehemu mumewe, Asumani, fundi mwashi aliyetoka Kasongo, aliyechoma kila tofali kwa mkono wake. Kulthumu hakuwa na kitu kingine duniani cha kuita chake.

Kabla ya kutoa ruhusa, zoni, yaani serikali ya mtaa, ilipaswa kutuma tume kuangalia kama ujenzi ungeharibu maji au kuwadhuru majirani. Tume ikatangazwa mwisho wa Septemba, mvua zikiwa bado. Watu wakafurahi, na Kulthumu akawa wa kwanza kusema kwamba wageni wa serikali hawapokelewi katika uchafu.

"Tubapitishe mu tope, na biatu byabo?" aliwaambia wanawake wenzake. "Batasema shiye bantu ba namna gani?"

Basi Jumamosi, saa za salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, waliiacha barabara wakaingia damboni. Walifyeka matete mpaka mizizi. Chemchemi ndogo iliyokuwa ikilowesha njia waliiziba kwa udongo, wakamwaga mchanga juu yake, wakafagia hadi pakawa safi kama ua wa nyumba siku ya Idi. Rabia, jirani yake, akaleta mikeka. Kulthumu akatoa kiti cha Asumani, chenye mto wa kitambaa cha maua uliofungwa kwa kamba, akakiweka katikati.

Citoyen Kalaba, yaani Ndugu Kalaba, mkuu wa tume, alikikalia. Alikunywa chai ya tangawizi, akaigonga ardhi kwa kisigino cha kiatu kilichong'aa, akasikiliza. Kulthumu alimweleza yote, mvua na maji na mlango wake, naye akaitikia kwa kichwa, akashukuru kwa chai, akaenda zake.

Uamuzi ulisomwa mbele ya ofisi ya zoni. Mahali ni pakavu. Hakuna chemchemi, hakuna matete, hakuna jirani atakayedhurika. Directeur ajenge.

Kulthumu aliingia ofisini bila kubisha hodi.

"Citoyen, nilikuambia mayi iko pale."

"Mama, weye mwenyewe njo ulitutandikia mikeka pale," Kalaba alimjibu. "Bantu banatandika mukeka mu mayi?"

Makarani wakacheka. Wacheke tu. Kulthumu alirudi nyumbani akiwaka hasira, kwa sababu alijua fika kwamba Kalaba si mjinga. Mtu aliyekulia Lubumbashi hahitaji tope kwenye kiatu ili ajue dambo ni dambo. Alijua, akaamua asijue, na wao kwa mafagio yao wakamrahisishia kazi. Adabu aliyofundishwa na mama yake tangu utotoni ilikuwa imegeuzwa ushahidi dhidi yake, na hilo lilimchoma kuliko kile kicheko.

Malori yakaja, yakamwaga mabaki meusi ya tanuru la shaba mpaka dambo lote, ila ukingo wake wa chini, likawa kilima. Ukuta ukapanda. Desemba mvua ikashika kwelikweli, na maji yakafanya vilevile alivyosema Kulthumu siku ile ya chai. Yaliuzunguka ukuta, yakaingia mlangoni, yakafika kitandani, yakala udongo ulioshikilia matofali ya Asumani mpaka ukuta wa nyuma ukalala chini. Kwa Rabia hali ilikuwa hiyohiyo. Kwa Directeur, juu ya kilima chake, hakikulowa hata kizingiti.

Tume ikarudi, pamoja na makarani wake. Safari hii Kalaba alivaa buti za mpira, mwizi mkubwa, kumbe anazo. Hakuna aliyefagia, wala aliyetoka kumlaki. Alisimama mbele ya nyumba ya Kulthumu akatangaza kwamba zoni imeona hapa ni mahali pa maji, hapafai kukaa watu. Nyumba zote za chini ya ukuta zitabomolewa, na wenyewe wahame kabla ya mwezi kwisha.

"Kumbe mayi iko," Kulthumu alisema.

"Iko, mama. Unaiona na macho."

"Na kule juu, kwa Directeur?"

"Kule commission ilishaangalia. Iko kukavu."

Rabia, aliyezoea kumwita Kulthumu yaya, yaani dada mkubwa, akaanza kulia. "Yaya, tutaenda wapi na batoto?"

Kulthumu alimshika bega. Alikuwa na hasira tu, na hasira hiyo alikuwa ameamka nayo alfajiri, pale aliposikia tume inakuja.

Kalaba alifungua mkoba wake, akatazama huku na huku. "Mama, hauna kiti? Niandike."

"Kiti yako iko, citoyen," Kulthumu alisema, akanyoosha mkono.

Chini ya ukuta wa Directeur, palepale Kalaba alipokaa Septemba, kiti cha Asumani kilikuwa kimesimama majini. Maji yalikuwa yamefunika pa kukalia, na ule mto wa maua ulikuwa ukielea, umeshikwa na kamba yake.

"Nilikurudishia mu fasi yake. Enda, uikale, uandike tena kama iko kukavu."

Hakuna aliyecheka, hata makarani. Kalaba alikitazama kiti. Kisha akaandika amesimama.